Namna ya Kumfikia Kila Mwanafunzi katika Darasa la Watoto 80

Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi za Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hata hivyo, tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walimu wengi wa shule za umma wamejikuta katika vyumba vyenye watoto 80 na zaidi, huku dawati lililotengenezwa kwa watoto watatu likikaliwa na watano, na yule wa pembeni akiandika huku mguu mmoja umekanyaga sakafu ili asianguke. Katika umati huo yumo asiyeona ubaoni, yumo asiyesikia vizuri, yumo aliyefika shuleni akizungumza Kimaasai tu, na yumo anayekuja bila kula. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake, na vifaa ambavyo haki hiyo inahitaji ni wajibu wa serikali. Mwalimu asichoke kuvidai. Lakini wakati vifaa vinasubiriwa, mambo mengi yanayoamua nani ataelewa somo na nani atakaa tu yamo mikononi mwa mwalimu mwenyewe: nani anakaa wapi, nani anaulizwa swali, kwa lugha gani, na nani anatumwa nje wakati wenzake wanasoma.

Anza na daftari. Nunua la kawaida, mpe kila mwanafunzi nusu ukurasa, na katika wiki mbili za mwanzo wa muhula andika unachokiona, si unachoambiwa na mwalimu aliyekutangulia kwamba fulani ni mzito au fulani ni mtukutu. Ili kujua nani haoni, andika ubaoni mistari mitatu yenye sentensi ambazo watoto hawajawahi kuzisoma, kwa sababu mtoto mjanja mwenye uoni hafifu hukariri ukurasa mzima wa kitabu na kuusoma bila kuuona. Waambie wanakili kimya, kisha pita katikati ya madawati. Utamwona anayeinamisha uso mpaka pua ikaribie karatasi, anayekunja macho, na anayenakili kutoka kwa jirani makosa yote kama yalivyo. Kwa usikivu, simama nyuma yao, taja majina kwa sauti ya kawaida na utazame nani hageuki. Mtazame pia anayeelekeza upande mmoja wa kichwa kila unapozungumza, na anayengoja wenzake wafungue kitabu ndipo naye afungue. Mtoto anayetoka usaha sikioni apelekwe zahanati mapema, kwa maana ugonjwa huo ukiachwa humpunguzia usikivu.

Baada ya hapo panga upya madawati. Desturi ya kuwaweka mbele wanaofaulu na kuwaacha nyuma wanaoshindwa ina madhara kuliko inavyodhaniwa, kwani wa nyuma hupata chaki kwa mbali, sauti kwa mbali na jicho la mwalimu kwa nadra. Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji uangalifu wa pekee. Ualbino huambatana na uoni hafifu ambao miwani haiuondoi kikamilifu. Macho huchezacheza, na mwanga mkali humuumiza. Kumweka dawati la mbele pekee hakutoshi ikiwa dawati hilo linatazamana na dirisha la mashariki au ikiwa ubao unang'aa asubuhi. Keti mahali pake wewe mwenyewe saa tatu asubuhi, utazame ubao. Mruhusu ainuke na kusogea ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, andika kwa herufi kubwa, soma kwa sauti kila unachoandika, na mpe kitabu cha kushika peke yake hata kama wengine wanashirikiana watatu. Kofia pana na mikono mirefu visihesabiwe kuwa ukiukaji wa sare, wala asisimamishwe juani mstarini wakati matangazo yanapoendelea. Mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun hutengenezwa Moshi. Mzazi aelekezwe aulizie mafuta ya aina hiyo katika kliniki ya ngozi.

Kwa mtoto mwenye usikivu hafifu, kanuni kubwa ni moja: usifundishe ukiwa umeupa mgongo darasa. Andika kwanza, geuka, kisha sema, kwa kuwa anasoma midomo yako. Mtoto ambaye hasikii kabisa ni suala jingine. Huyo anahitaji lugha ya alama na mwalimu anayeijua, na kumketisha mbele si elimu jumuishi hata kidogo. Wasiliana na afisa elimu maalumu wa halmashauri, na mzazi aelezwe kuhusu shule na vitengo vyenye walimu waliosomea kazi hiyo.

Lugha ndilo jambo linalosahaulika zaidi, labda kwa sababu tumezoea kusema kwamba kila Mtanzania anajua Kiswahili. Mtoto wa kijiji cha Kisukuma anapoanza shule huwa tayari ana ngeli katika lugha yake, hivyo muundo wa Kiswahili haumwii mgeni sana. Wa Longido anayezungumza Kimaasai, au wa Mbulu anayezungumza Kiiraqw, ametoka katika lugha isiyo ya Kibantu, isiyo na ngeli kama za Kiswahili, na upatanisho wa "kitabu changu" na "vitabu vyangu" ni mgeni kwake. Akisema "kitabu yangu", usimkatize wala usiruhusu darasa licheke, mjibu kwa sentensi iliyo sahihi, "Ndiyo, kitabu chako kiko wapi?", naye ataipokea. Katika Sayansi au Hisabati usimkate alama kwa kosa la ngeli ikiwa jibu lenyewe ni sahihi. Muunganishe na mwenzake anayejua lugha zote mbili na uwape ruhusa ya kunong'onezana maana ya swali. Ule utaratibu wa kumvika kibao shingoni aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani haujamfundisha mtu Kiswahili. Umefundisha watoto kunyamaza.

Sasa maswali. Kila mwalimu anazijua kelele za "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!" pamoja na vidole vinavyopigwa hewani, na ni rahisi kipindi kizima cha dakika 40 kimalizike watoto sita wamejibu kila kitu. Chora ramani ya madawati katika daftari lako, na kila unapomuuliza mtu weka alama penye jina lake. Ijumaa itazame. Mara nyingi utakuta safu mbili za mbele zimejaa alama, wavulana wamewazidi wasichana, na kona ya karibu na mlango haina hata moja. Wiki inayofuata anzia huko. Uliza swali kwanza, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, kisha ndipo utaje jina. Mtoto mwenye kigugumizi na yule anayetafsiri kichwani wanauhitaji ukimya huo. Katika kazi za vikundi zungusha majukumu kila wiki, la sivyo mvulana yule yule atakuwa mwenyekiti na msichana yule yule atakuwa wa kufuta ubao.

Itazame pia zamu ya usafi na maji. Wasichana wakitumwa kisimani wakati wa kipindi, hakuna mbinu ya kufundishia itakayowarudishia dakika hizo. Msichana anayekosa siku mbili tatu kila mwezi asihojiwe mbele ya wenzake. Mwalimu wa malezi azungumze naye faraghani kuhusu taulo za kike na choo chenye mlango na maji. Wanaorudi masomoni baada ya kujifungua, jambo lililoruhusiwa na serikali Novemba 2021, wapokelewe kama wanafunzi wengine, bila utambulisho wowote. Majina ya ambao wazazi wao hawajatoa mchango wa uji yasisomwe hadharani.

Katika majaribio, mwenye uoni hafifu apewe karatasi yenye herufi kubwa na muda wa ziada, kama Baraza la Mitihani linavyofanya katika mitihani ya taifa, na asiyeweza kuandika kwa kasi ajibu kwa mdomo. Matokeo mpe kila mtoto peke yake; kusoma nafasi kutoka wa kwanza hadi wa 80 humwambia wa 80 kitu anachokijua tayari.

Kabla shule hazijafungwa Desemba, kaa na mwalimu atakayelipokea darasa mpitie lile daftari pamoja, ukurasa kwa ukurasa: nani akae wapi, sikio lipi linasikia, nani bado anahitaji mkalimani, nani alipelekwa zahanati na alirudi na majibu gani. Asipolipata, Januari ataanza tena kubahatisha, na mtoto aliyekwisha kuzoea kukaa mahali anapoona ubao atarudishwa nyuma kwa sababu tu amekuwa mrefu.