Kupanga neno kwa fonti nene ya brashi ya mtindo wa zamani

Fonti hizi zinaiga mkono wa wachora mabango. Brush Script ya Robert E. Smith ilitoka American Type Founders, kampuni ya herufi za chapa ya Marekani, mwaka 1942. Mistral ya Roger Excoffon ikafuata Ufaransa mwaka 1953. Zitazame kwanza, uone herufi zinavyopokezana wino, kisha anza kazi.

1. Chagua neno fupi. Moja, mawili, yasizidi matatu. Herufi ya kwanza iwe kubwa, zinazofuata ndogo. Neno zima kwa herufi kubwa halisomeki, kwa sababu herufi kubwa za mwandiko huu zilichorwa kufungua neno, si kushikana zenyewe kwa zenyewe.

2. Usiguse nafasi kati ya herufi. Iache sifuri, na programu ifuate vipimo vya fonti yenyewe. Ukiitanua hata kidogo, viungo vinavyoshikanisha herufi vinakatika.

3. Badilisha herufi zinazojirudia. Hapa ndipo kazi nzuri inapojulikana. Mkono wa mtu hauandiki “a” mbili zilizofanana kabisa, na Kiswahili kimejaa “a”: chukua neno “maarifa”. Fungua jedwali la herufi za fonti, tafuta “a” mbadala, uipe nafasi ya pili kati ya zile zinazofuatana. Fonti isiyo na herufi mbadala mimi siinunui kwa kazi ya nembo. Angalia pia “ng'”: alama ile hukatiza mstari, hivyo ipandishe juu ya kiungo na uiache “g” iishike herufi inayofuata.

4. Weka mkia mmoja tu, yaani mstari wa pambo unaotoka kwenye herufi. Maneno yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo mkia utoke kwenye irabu ya mwisho na kurudi chini ya neno. Ukigongana na mguu wa “g” au “y”, ufupishe.

5. Geuza maandishi kuwa maumbo. Hifadhi nakala inayoharirika kwanza. Katika programu ya kuchora ya Illustrator bonyeza Ctrl+Shift+O. Katika Inkscape, Ctrl+Shift+C. Halafu unganisha maumbo yote yawe kitu kimoja kabla ya kuongeza mstari wa nje, la sivyo mstari utapita katikati ya kila kiungo.

6. Inamisha na utie kivuli. Inua upande wa kulia nyuzi 5 hadi 10. Kivuli kiwe kigumu, cha rangi moja, upande mmoja. Mwisho, jaribu kulitazama neno kwa ukubwa mdogo: matundu ya “a” na “e” yakizibika, punguza unene wa mstari wa nje.