SOMO: Soma jina la episodi kama unavyosoma jina la kanga

Habari za jioni wadau. Wiki iliyopita mteja kaja kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, uso kaukunja. Anasema sizoni niliyomwekea kwenye flashi ni mbovu: episodi ya kwanza imeandikwa "Pilot", naye kaitazama mpaka mwisho hakuona rubani wala ndege. Pilot maana yake ni episodi ya majaribio, ile wanayowaonyesha wenye televisheni kabla kazi haijakubaliwa. Fumbo hamna. Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu wapo wanaotafuta fumbo hata kwenye namba ya basi.

Lakini zipo tamthilia ambazo jina ndilo limebeba mzigo. Nitatumia Watchmen ya televisheni ya HBO ya Marekani, ya mwaka 2019, episodi 9, mwandishi wake mkuu Damon Lindelof. Imetokana na kitabu cha katuni cha Alan Moore na Dave Gibbons cha 1986 na 1987. Mambo yanatokea Tulsa, Oklahoma, na inafungua na mauaji ya mwaka 1921, Wazungu walipoteketeza mtaa wa Weusi wa Greenwood. Hilo si la kutunga, lilitokea kweli. Ambaye hajaitazama na hapendi kufichuliwa uhondo, aishie hapa.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mama yangu mdogo hanunui kanga kwa rangi. Anaikunjua, anasoma jina, ananyamaza kidogo, ndipo anauliza bei. Fanya vivyo hivyo.

Hatua ya 1: Liandike jina lilivyo, usilitafsiri. Episodi ya 8 inaitwa "A God Walks into Abar". Ukitafsiri unapata "Mungu aingia Abar", na umeshaliua. Lisome kwa sauti: Abar inasikika kama "a bar", yaani baa. Wazungu wana vichekesho chungu nzima vinavyoanza na "mtu mmoja kaingia baa", kama sisi tunavyoanza na Abunuwasi. Humo ndani Dr. Manhattan, yule wa buluu mwenye uwezo wa kimungu, anaingia baa huko Saigon, Vietnam, kumtafuta Angela, steringi wetu. Na jina la ukoo la Angela ni Abar. Kwenye mabanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea sinema, hili halionekani, maana jina likitokea tu mtafsiri analifunika na tangazo lake.

Hatua ya 2: Tafuta maneno yametoka kinywani mwa nani. Liweke jina zima ndani ya alama za kunukuu, kisha tafuta mtandaoni. Episodi ya 1 ni "It's Summer and We're Running Out of Ice": ni kiangazi na barafu inatuishia. Mara ya kwanza nilidhani wanalalamikia joto. Kumbe ni mstari wa wimbo kwenye Oklahoma!, igizo la muziki la mwaka 1943. Katika wimbo huo jamaa anaitwa Curly anamshawishi mwenzake Jud ajinyonge, anamsimulia watu watakavyomlilia msibani. Amelala kama yu usingizini, wanaimba, ila hatakaa sana, maana ni kiangazi na barafu inaisha. Aliyewahi kununua samaki hapa Tanga mchana wa Januari hahitaji ufafanuzi zaidi. Sasa tazama: mkuu wa polisi wa Tulsa anaitwa Judd, anakwenda kutazama igizo hilohilo, na episodi inaisha ananing'inia mtini. Jina lilimtangaza marehemu kabla hatujamjua.

Hatua ya 3: Angalia kilichotundikwa ukutani. Episodi ya 2, "Martial Feats of Comanche Horsemanship", imechukua jina kwenye mchoro wa George Catlin, msanii wa Marekani wa karne ya 19. Mchoro huo umo nyumbani kwa Judd. Mpiganaji wa Kikomanchi, wale wenyeji wa asili wa Marekani, amejibanza ubavuni mwa farasi, adui anaona farasi tu. Na kabatini mwa Judd, nyuma ya ukuta wa uongo, kuna joho la Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wanaowachukia Weusi. Sina la kuongeza.

Hatua ya 4: Uliza anasemwa nani. "Japo sipati tamaa sikati" akiivaa bibi harusi ni kitu kimoja. Akiivaa jirani akapita mbele ya mlango wako mara tatu, ni kingine. Episodi ya 4, "If You Don't Like My Story, Write Your Own", inarudi kwa Chinua Achebe, yule wa Shujaa Okonkwo tuliyemsoma kwa Kiswahili: kama hupendi hadithi ya mtu, andika yako. Anasemwa nani? Mimi naona wanaisema katuni yenyewe. Kule shujaa wa kwanza wa barakoa, Hooded Justice, hakufunuliwa uso, na watu walimchukulia kuwa Mzungu. Episodi ya 6 inamvua kofia: ni Mweusi, aliyeponea Tulsa akiwa mtoto.

MASWALI

*Mdau wa Chumbageni: Mkuu, ile ya mwisho, "See How They Fly"? Mbona hakuna anayeruka?*
Ni maneno ya "I Am the Walrus" ya The Beatles, 1967. Ndani ya wimbo huo kuna mtu wa mayai. Steringi wetu anamaliza na nini mkononi? Yai.

*Mdau wa Pangani: Na ile tamthilia ya Luke Cage je?*
Hiyo ni nyepesi ukishaijua. Sizoni ya kwanza ya 2016, majina yote 13 ya episodi ni nyimbo za Gang Starr, kundi la hip hop. Ya pili ni za Pete Rock na CL Smooth, nao wa hip hop. Bosi wake, Cheo Hodari Coker, alikuwa mwandishi wa habari za muziki. Ni kama mtu wa hapa atunge tamthilia, kila episodi aipe jina la wimbo wa Black Star, kikundi cha taarabu cha hapa Tanga.

*Mdau wa Muheza: Ndugu, hamjitungii tu haya?*
Mara nyingine ndiyo. Episodi ya 5, "Little Fear of Lightning", niliwaambia watu kibandani kwamba radi ni Dr. Manhattan. Mpwa wangu akanisahihisha: ni maneno ya kitabu cha mwandishi Jules Verne, kwamba pasingekuwa na ngurumo watu wasingeiogopa sana radi. Kitabu hicho kina ngisi wakubwa, na Wade wa episodi hiyo anaishi na hofu ya ngisi aliyeangukia New York. Kipimo changu sasa ni kimoja: fumbo likinionyesha kitu kilichonipita, nalishika, lisiponionyesha, naliacha.

*Mdau wa Makorora: Yule wa rubani ulimrudishia hela?*
Sikumrudishia, nilimwekea Watchmen. Jana kaja kuuliza barafu iko wapi.