Zawadi ya Ubatizo wa Mtoto: Mwongozo kwa Wasimamizi na Waalikwa wa Tabora

Mtu anapopata taarifa ya ubatizo wa mtoto, iwe kwa kadi, kwa ujumbe wa simu au kwa tangazo la mwenyekiti wa jumuiya, jambo la kwanza si kwenda dukani bali kujua nafasi yake kwa mtoto huyo. Msimamizi, shangazi, jirani na mfanyakazi mwenzake baba hawatoi zawadi ya aina moja, na makosa mengi katika sherehe hizi hutokana na kuchanganya nafasi hizo: jirani hununua msalaba ambao msimamizi ameshauandaa, naye msimamizi huleta beseni la kuogeshea huku mtoto akifika kanisani bila mshumaa.

Ni vyema pia kuhakikisha kwamba unaloalikwa ni ubatizo. Wakatoliki, Waanglikana na Wamoravian hubatiza watoto wachanga, ilhali Wapentekoste na Wasabato huwaombea na kuwaweka wakfu, wakisubiri mtu aweze kukiri imani mwenyewe ndipo abatizwe. Katika ibada ya kuweka wakfu, blanketi au nguo itapokelewa kwa furaha, lakini rozari au medali ya mtakatifu itawaweka wenyeji katika hali ngumu.

Nafasi nzito kuliko zote ni ya msimamizi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 874, inamtaka kwa kawaida awe ametimiza umri wa miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Kwa kuwa wajibu wake ni wa imani, zawadi yake ya kwanza inafaa itoke ndani ya ibada yenyewe, yaani vazi jeupe na mshumaa utakaowashwa kwa moto wa mshumaa wa Pasaka. Azungumze na wazazi mapema kabla ya kununua, maana zipo familia zinazopenda mtoto avae vazi lililovaliwa na kaka au dada zake, na hilo ni jambo zuri lisilopaswa kupingwa. Mshumaa uwe mnene na imara, ili uweze kutunzwa na kuwashwa tena kila mwaka katika kumbukumbu ya siku hiyo. Mwenye uwezo anaweza kuongeza Biblia, akaandika katika ukurasa wa mbele jina la ubatizo, tarehe na parokia, baada ya kuwauliza wazazi jinsi jina lilivyoandikishwa kwa ajili ya cheti. Rozari na medali akabidhiwe mama azitunze. Visivishwe shingoni mwa mtoto mchanga, kwa sababu uzi au mkufu unaweza kumkaba akiwa amelala.

Ndugu, majirani na marafiki wana uhuru zaidi, nami nawashauri waelekee kwenye vitu vya matumizi. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, kwa hiyo chandarua chenye dawa ni zawadi ya heshima kabisa. Blanketi husaidia katika usiku wa baridi wa Juni na Julai. Ukinunua nguo, chagua ya mtoto mkubwa kidogo kuliko alivyo sasa, kwani huyu atakua upesi na nguo za kumtosha leo ameshaletewa na wengi. Ukimpelekea mama doti ya kanga, soma maandishi yake kabla ya kulipa, uchague yenye dua au shukrani. Maneno ya mafumbo yanaweza kufasiriwa kuwa yanamlenga wifi au mama mkwe.

Hapa nasisitiza jambo moja kwa uzito. Asali ya Tabora ni fahari yetu, na kuipeleka kwenye sherehe ni desturi njema, lakini iwe zawadi ya wazazi na itamkwe hivyo wakati wa kuikabidhi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi hata kulambishwa asali, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazozalisha sumu ndani ya utumbo wake na kumlegeza misuli hadi ashindwe kupumua vizuri. Vilevile, usipeleke maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea bila kuombwa, kwa kuwa mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza.

Fedha inakubalika. Itiwe katika bahasha yenye jina la mtoaji, au itumwe moja kwa moja kwenye simu ya mzazi ikifuatana na maneno ya heri. Jumuiya inayochanga kwa pamoja ikabidhi zawadi moja kwa jina la wote, na mshereheshaji asisome kiasi alichotoa kila mtu, kwani mjane aliyeleta kilo moja ya mchele amekuja na moyo uleule wa aliyeleta bahasha nene.

Zawadi zikabidhiwe nyumbani. Parokia nyingi hubatiza watoto wengi kwa pamoja, na kupeana vifurushi mbele ya kanisa huwaumiza wazazi ambao hawakuandaa sherehe yoyote.

Majirani Waislamu, ambao katika mji huu hawakosekani katika shughuli kama hii, wanaweza kuleta nguo, sabuni au mchele, bila kulazimika kutafuta kitu cha kidini. Wenyeji nao wahakikishe kwamba nyama imechinjwa na Mwislamu na kwamba wageni hao wameelezwa hivyo kabla ya chakula kupakuliwa.

Asiyeweza kuhudhuria apeleke zawadi yake katika wiki zinazofuata, tena saa za alasiri, wakati mama ameshapumzika na anaweza kuketi na mgeni.