Kutumia Betri za Lithiamu Zisizo na Kinga Katika Tochi

Wengi wetu hapa Lamu tunaokwenda baharini usiku, au tunaopita vichochoroni stima inapokatika, tumeacha betri kavu na kushika tochi za betri ya lithiamu ya kuchaji, hasa ile iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Yenye kinga hurefuka kwa milimita chache kwa sababu ya kibao cha saketi kilichotiwa kitakoni, ambacho hukata umeme betri inapochajiwa kupita kiasi, inapoishiwa mno au inapopigwa shoti. Isiyo na kinga, kama zile zinazobanduliwa kwenye kompyuta kuukuu, haina mlinzi ila wewe mwenyewe.

Kwanza ichunguze ngozi yake ya plastiki, hasa ukingoni mwa upande wa chanya. Kopo lote la chuma lililo chini ya ngozi hiyo, kuanzia kitako hadi kwenye ukingo huo, ni hasi, na kinacholitenga na kifuniko cha chanya ni kipete chembamba tu. Plastiki ikichanika hapo, hata kwa upana wa ukucha, chuma cha tochi chaweza kuziunganisha pande mbili. Iliyobonyea, iliyovuja au iliyozama katika maji ya chumvi usiichaji kabisa.

Linalopuuzwa zaidi ni kuimaliza betri. Mwanga ukififia, zima tochi, kwani chini ya volti 3 hakuna faida, na ikishuka mno, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, kisha ukiichaji huganda pasipofaa na kuleta shoti ya ndani. Niliwahi kuisahau tochi ikiwaka chini ya nyavu, na asubuhi mita ikasoma volti 1.4. Fundi mmoja alinishauri niiamshe kwa kuiunganisha na betri nzima. Nilimshukuru lakini sikumfuata, nikaziba ncha zake kwa utepe na kuiweka kando. Tochi ya betri mbili zinazofuatana inadai uangalifu zaidi, kwa kuwa ile dhaifu huisha mapema na kusukumwa kinyume na mwenziwe, basi zitumie za aina na umri mmoja, zenye volti sawa, au ununue tochi ya betri moja uondokane na hesabu hizo.

Chaja iwe ya lithiamu, inayokoma kwenye volti 4.2, waya wa simu uliounganishwa moja kwa moja hutoa volti 5, nazo ni nyingi mno. Betri ya miliampea-saa 2600 yatosha kuchajiwa kwa ampea 1.3 au pungufu. Iweke juu ya saruji au kigae, mbali na mkeka na godoro, wala si chini ya makuti, nawe uwe macho. Ikiwa ya moto hata kuunguza mkono, kata stima. Ikifuka moshi, usiishike wala usiuvute moshi huo. Watoe watu nje, na ukate umeme kabla ya kumwaga maji mengi kutoka mbali.

Unapoibeba, itie katika kikasha cha plastiki, si mfukoni pamoja na funguo, na usiiache juani juu ya sitaha.