Protini baada ya operesheni ya kupunguza uzito

Ukishafanyiwa operesheni ya tumbo ya kupunguza uzito, wengi wanaambiwa walenge gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku, ila namba yako kamili akupe daktari wako. Tumbo limebaki dogo sana sasa, kwa hiyo kwenye sahani anza na protini, ugali na wali vije mwisho kama nafasi ipo. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, nyama ya kuku iliyoiva gramu 100 inakupa karibu 30, na zile wiki za mwanzo za vimiminika tu ndo unategemea maziwa na unga wa protini. Maji usinywe ukiwa unakula, subiri nusu saa. Jamani msipuuze hii, protini ikipungua misuli inaisha na nywele zinanyonyoka.