Chora mti wa nasaba wa wanyama, ukianza na pimbi wa vilima vya Dodoma

Panda vilima vya mawe hapa Dodoma asubuhi mapema, huenda ukawakuta pimbi wakiota jua. Wanafunzi ninaowafundisha biolojia karibu wote humweka pimbi kundi moja na sungura au panya. Ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva, na unaweza kuanza kuliona hilo mwenyewe kwa karatasi na penseli. Kalamu ya wino iache, maana matawi yatahama.

Hatua ya 1: Chagua wanyama

Wachache wanatosha: pimbi, tembo, sungura, muhanga, kakakuona na paka. Ongeza kuku awe wa kulinganishia. Ukoo wake ulijitenga zamani, kabla mamalia hawa hawajaachana, kwa hiyo sifa wanayoshiriki wote pamoja naye, kama uti wa mgongo, haitakusaidia kuwapanga. Ifute.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali la sifa

Hapa ndipo penye kazi, usipakimbilie. Wanyama waandike kushuka chini, sifa ziende kulia.

Umbo la nje hudanganya. Muhanga na kakakuona wote huchimba, wote wana ulimi mrefu unaonata, wote hula mchwa na sisimizi. Katika kila ukoo, waliozaliwa na ulimi mrefu kidogo walishiba zaidi, wakazaa zaidi, wakarithisha ulimi huo. Mambo hayo yalitokea mara mbili, kila ukoo kivyake. Fungua midomo yao uone tofauti: muhanga ana magego yasiyo na enameli (lile tabaka gumu la nje la jino), kakakuona hana hata jino moja.

Sasa mtazame pimbi kwa karibu. Meno yake mawili ya mbele ya juu yana ncha kali na hukua maisha yote. Pembe za tembo nazo ni meno ya mbele ya juu, tofauti na za ngiri, ambazo ni chonge. Kucha nyingi za pimbi ni bapa, kama vikwato vidogo. Korodani za dume hubaki ndani ya tumbo, sawa na za tembo. Jike hubeba mimba miezi saba au zaidi, ilhali sungura wa kufugwa huzaa baada ya mwezi mmoja hivi.

Meno ya mbele ya sungura pia hukua bila kukoma, ndiyo maana sifa moja haitoshi kamwe. Tafuta kadhaa zinazoelekeza upande mmoja.

Hatua ya 3: Chora

Anza na tawi la kuku, kisha unganisha wanaoshiriki sifa mpya, yaani ambazo kuku hana, nyingi zaidi. Kila njia panda ni mzazi wa pamoja aliyekwisha kutoweka, kwa hiyo usiandike hapo jina la mnyama aliye hai. Tembo hakutokana na pimbi. Wote wawili wametokana na mnyama mwingine, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Nani yuko kushoto na nani kulia haina maana yoyote. Fuata njia panda tu.

Muhanga atakusumbua. Mchoree mstari wa nukta kwanza.

Hatua ya 4: Sahihisha kwa DNA

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ulinganisho wa DNA umewakusanya pimbi, tembo, nguva, muhanga na sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) katika tawi moja kubwa lenye asili ya Afrika. Kakakuona huangukia karibu na paka na mbwa. Sungura yuko na panya, na wote wawili wako karibu zaidi na sisi binadamu kuliko na pimbi.

Kaza mstari wa muhanga, kisha jaribu mmoja peke yako: sengi mwenye uso wa kijivu wa Milima ya Udzungwa, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2008. Ukimwona utasema ni panya mwenye pua ndefu. Mwandike upande wa tembo.