Jinsi ya kutengeneza LDH (layered double hydroxide, unga wa matabaka ya hidroksaidi) ya kunasa floraidi, kwa wale wako na lab huku Nakuru

Watu wa Nakuru tunajua haya meno ya kahawia yanatoka wapi, ni floraidi ya maji ya kisima, na WHO inasema isipite miligramu 1.5 kwa lita lakini visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Chujio za mifupa iliyochomwa zimesaidia watu wengi. Ila kama uko chuo, hata Egerton hapo Njoro, na unatafuta projekti yenye maana, jaribu LDH ya magnesiamu na alumini. Ni matabaka membamba sana ya hidroksaidi, sehemu zingine alumini imekalia nafasi ya magnesiamu, kwa hivyo tabaka linakuwa na chaji chanya na katikati zinajipanga ioni hasi pamoja na maji. Hizo za katikati ndizo zinatoka floraidi ikiingia. Familia hii iko hata kwa dawa za kiungulia.

Pima nitreti ya magnesiamu yenye maji sita gramu 19.2 na nitreti ya alumini yenye maji tisa gramu 9.4, yeyusha zote kwa maji safi ya lab mpaka mililita 100, hapo una magnesiamu tatu kwa alumini moja. Bika ingine weka kostiki soda gramu 8 na sodiamu kaboneti gramu 2.7, pia mililita 100. Vaa glavu na miwani tafadhali, na kostiki ndio inatiwa kwa maji, usigeuze.

Sasa hapa ndipo watu wanaharakisha wanaharibu. Chukua bika kubwa yenye maji kidogo, koroga bila kusimama, dondosha zote mbili polepole kwa wakati mmoja huku jicho liko kwa pH, ikae kwa 10. Ikishuka sana alumini inaganda peke yake magnesiamu inabaki kwa maji, na utapata unga mweupe mzuri kwa macho ambao si LDH. Ukimaliza, acha huo uji kwa joto la nyuzi 65 usiku kucha ndio matabaka yajipange. Kisha chuja, osha, osha tena mpaka maji ya kuoshea yafike pH karibu 7, kwa sababu nitreti ikibaki itatoa moshi wa sumu kwa tanuru. Kausha kwa nyuzi 80, saga.

Choma nyuzi 450 mpaka 500, masaa manne. Maji na kaboneti zinatoka, matabaka yanabomoka, lakini ukirudisha huo unga kwa maji unajijenga upya na unavuta ioni hasi ndani, hiyo ndio sehemu naipenda kabisa. Usipandishe kuelekea 900, inageuka spineli, yaani oksaidi ngumu ya magnesiamu na alumini, na haijengeki tena. Funga kwa chupa isiyopitisha hewa maana hewa ina kaboni dayoksaidi na yenyewe inaingia haraka.

Kupima, weka gramu 1 kwa lita na usome na elektrodi ya floraidi. Na tafadhali usitumie tu maji ya lab yenye sodiamu floraidi, utapata namba tamu za bure. Maji yetu yana baikaboneti nyingi na LDH inapenda kaboneti kuliko floraidi, kwa hivyo chota maji ya kisima chenyewe ulinganishe hizo mbili. Halafu pima pH baada ya kuchuja, lazima itapanda, na upime alumini pia kabla mtu yeyote hajaonja hayo maji.